Mbona si Majio?

Jana tukikunja waya wa taji la mishumaa la majuma manne kabla ya Krismasi, mwanangu kauliza: "Mama, mbona tunasema Majilio? Si Majio?" Nikaweka koleo chini. Swali hilohilo nilimwuliza mwalimu wetu wa katekisimu kule Kilema, Kilimanjaro, nikiwa na miaka kumi, Jumamosi ya kuamkia Dominika ya kwanza.

Alikuwa akitufundisha kusuka taji la kanisa. Waya mizunguko mitatu, upana sentimita 40. Matawi ya saiprasi urefu wa kiganja, yamelala ndooni usiku kucha yanywe maji, la sivyo Dominika ya tatu yanapukutika. Unafunga mafungu madogo yakielekea upande mmoja, kila fungu likifunika vishina vya lililotangulia. Mishumaa ya zambarau ilikosekana, tukafunga utepe kwenye myeupe: zambarau mitatu, waridi mmoja wa Dominika ya tatu, ya furaha. Utepe ukae chini kabisa, kwa kuwa mshumaa wa kwanza huwashwa Dominika zote nne. Mwishoni unabaki kipande, na utepe wa juu ungeshika moto.

Nilipouliza, mwalimu alichuchumaa akaandika kwa chaki kwenye sakafu ya saruji: ja, jia, jilia. "Kuja, yeyote anakuja. Kujilia, kuna mtu anajiliwa." Halafu, kama aliyekumbuka kitu anachokipenda, akaandika maneno saba, moja chini ya jingine, yanayofuata "O" mwanzoni mwa antifona za Kilatini, viitikio vya Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya jioni, tangu tarehe 17 hadi 23 Desemba: Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex, Emmanuel.

"Soma herufi za kwanza, ukianzia chini."

Nikapitisha kidole. E, R, O. C, R, A, S. Saruji ilikuwa ya baridi, unga wa chaki ukanata kidoleni.

"Ero cras," akasema polepole. "Kesho nitakuwapo."

Nywele zilinisisimka. Sikujua kwamba lugha inaweza kuficha ahadi namna ile, ikasubiri siku saba ndipo isomeke.

Kilatini nilikuja kukisoma, na lugha nyingine baadaye, na kila nilipofungua kamusi mpya niliiona ile sakafu. Mwalimu amekwisha kufariki. Kwetu Uchagani shukrani ni neno moja fupi, aika. Nimejaribu sana kukumbuka kama jioni ile nilimwambia, au nilikimbilia nyumbani na chaki yangu kidoleni.

Mwanangu ameomba niyaandike yale maneno saba. Nimetafuta chaki.