Taa za Pikapu na Chumvi ya Uvinza

Mwaka 2008 kipande cha barabara kutoka Kidahwe hadi Uvinza kilikuwa bado cha vumbi. Mjomba alikipita usiku na Hilux yake ya dizeli: kwenda, bidhaa za dukani, kurudi Kigoma, magunia ya chumvi. Utingo wake nilikuwa mimi. Kilichotutesa ni taa. Gari likikanyaga shimo katikati ya pori, taa kubwa zote mbili zinazimika kwa pamoja. Pengine zinarudi zenyewe tukigonga shimo jingine, pengine tunalala hapo hapo hadi kukuche.

Mafundi tuliowapelekea walikuwa na njia moja. Wanachomoa soketi, wanagusa kwa taa ya kupimia, inawaka vizuri. "Umeme upo, globu ndiyo mbovu." Inafungwa globu mpya, taa zinawaka, mjomba analipa. Haupiti muda mrefu, giza lile lile. Globu zilizotolewa mjomba hakuzitupa. Alizihifadhi kwenye kopo la biskuti chini ya kiti.

Kopo hilo ndilo lililotuokoa. Tulielekezwa kwa mzee mmoja pale Mwanga, Kigoma mjini, fundi umeme wa magari aliyefanya kazi chini ya mwembe. Baada ya shikamoo na maelezo ya mjomba, alinigeukia: "Mwanangu, hizo globu mbovu mnazo?" Nikamletea kopo. Alichukua nyaya mbili, akaziunga kwenye betri, akajaribu globu moja baada ya nyingine. Zote ziliwaka. Mjomba alikaa chini kwenye mzizi wa mwembe, hakusema kitu kwa muda.

"Globu mbili hazifi pamoja na kufufuka pamoja," mzee alisema. "Tutafute mahali zinapokutana."

Akatoa mita. Gari likiunguruma, betri ilisoma volti 14.1, kwa hiyo oltaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, ilikuwa nzima. Kisha akafanya ambacho hakuna fundi aliyewahi kukifanya mbele yetu: aliacha soketi ikiwa imefungwa kwenye globu, taa zikiwaka, akachomeka ncha za mita kwa nyuma. Ilisoma 10.9. Volti zaidi ya tatu zilikuwa zinapotelea njiani! Taa ya kupimia isingeweza kuonyesha hilo, kwa sababu inakula umeme kidogo sana. Globu mbili za wati 55 huvuta takriban ampea 9. Waya uliooza ni kama bomba lililoziba: tone linapita, ndoo haijai. Mpaka leo naamini waya haupimwi ukiwa umepumzika. Unapimwa ukiwa umebeba mzigo wake.

Alipima tena kwa vipande. Kutoka chanya ya betri hadi kwenye globu ilipotea 0.7 tu. Zilizobaki, 2.5, zilipotea upande wa erthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Akatueleza kwamba Toyota nyingi za aina ile haziwashi taa kwa kukata chanya. Swichi ya usukani inakata na kuunga erthi. Umeme wote wa taa unapita swichini, ndipo uteremke kwenye bodi. Akaufuata waya mweupe wenye mstari mweusi hadi chini ya dashibodi, upande wa abiria, miguuni. Akanimulikisha tochi.

Bolti ilikuwa imevimba kwa kutu, na juu yake ukoko mweupe. Mzee aliusugua kwa kidole, akauonja. Chumvi. Mjomba alikuwa na desturi ya kuweka gunia moja pale sakafuni, la mteja wake maalumu, lisilowe nyuma. Masika maji yalipenya kwenye mpira wa kioo cha mbele, yakalilowesha, na maji ya chumvi yakala chuma taratibu. Gari likipita shimo, bolti inatikisika na kuachia. Likitikisika tena, inashika. Na globu mpya zilionekana kuponya kwa sababu kuchomoa na kuchomeka soketi kulikwangua pini, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuja na kuondoka.

Kazi ya kurekebisha ilichukua mchana wote. Bolti ilitolewa, chuma kikapigwa msasa mpaka kikang'aa, ikafungwa mpya, ikapakwa grisi. Mzee akaongeza waya wa pili wa erthi hadi kwenye betri. Soketi moja ilikuwa imeyeyuka pembeni, akaibadilisha. Halafu akafunga rilei mbili, swichi ndogo zinazoamshwa kwa umeme, karibu na betri, zenye fyuzi yake, ili swichi ibebe umeme mdogo wa kuamsha rilei tu na mzigo wa taa upite kwenye waya mnene. Globu hakuuza hata moja; alirudisha mbili kutoka kwenye kopo.

Alipomaliza alimpa mjomba mita aishike mwenyewe. 13.5, taa zikiwaka. Tofauti ilionekana kwa macho pia, maana volti zikipungua kidogo tu mwanga wa globu hupungua sana, na sisi tulikwisha kuzoea ule wa rangi ya chai.

Usiku ule ule tulikwenda Uvinza. Gunia la mteja maalumu lilirudi likiwa nyuma, chini ya turubai, na miaka kadhaa baadaye, pikapu ilipouzwa, nilimwonyesha mnunuzi ile bolti kabla hajauliza habari za injini.