Sio ukaribu na jua unaoiunguza Zuhura

Nikiongea na watu habari za sayari, ikifika zamu ya Zuhura jibu ni lile lile, iko karibu na jua ndo maana inaunguza, basi, stori imeisha. Mi naona hapo ndo tunaikosa habari yenyewe, na ni habari nzuri mno kuachwa hivihivi.

Angalia. Iliyo karibu zaidi na jua ni Utaridi, kilomita milioni 58 hivi, Zuhura iko milioni 108, sisi milioni 150. Ishu ingekuwa ukaribu peke yake Utaridi ndo ingeongoza, lakini mchana wake unafika nyuzi 430 hivi halafu usiku inashuka mpaka hasi 180, wakati Zuhura ni kama nyuzi 465 mchana na usiku, kwenye ikweta na kwenye ncha, kote tu. Na usiku wa kule sio huu wetu, toka jua lichomoze mpaka lichomoze tena zinapita siku kama 117 za huku, kwahiyo giza linakaa karibu miezi miwili na joto halitikisiki. Madini ya risasi yanayeyuka kwa nyuzi 327, yaani chubwi za wavuvi ukiziweka pale chini zinageuka kimiminika.

Sasa kinachonishangaza kuliko vyote ni hiki: mawingu ya Zuhura ni meupe na mazito kiasi kwamba karibu robo tatu ya mwanga wa jua unaofika pale unarudishwa angani, ndo maana tunaiona inang'aa vile alfajiri au jioni. Ukipiga hesabu, mwanga unaobaki na kuingia ndani ni kidogo kuliko tunaopokea sisi duniani! Ingekuwa na mawingu hayo hayo ila haina gesi za kushika joto, uso wake ungekuwa chini ya nyuzi sifuri.

Kwahiyo joto ni la hewa yake. Zaidi ya asilimia 96 ni hewa ya ukaa, na sio nyepesi kama hii tunayovuta, presha pale chini ni kama mara 92 ya kwetu, sawa na kuzama baharini mita 900 na ushee. Mwanga kidogo unaopenya unapasha ardhi, ardhi inataka kulitoa lile joto liende zake, gesi inalinasa, na hivyo hivyo mpaka ikafika hapo ilipo. Mawingu nayo sio ya maji, ni matone ya asidi ya salfuriki, hii hii ya kwenye betri ya gari, na mvua yake haifiki hata chini, inakaukia njiani.

Hapa kuna kitu natamani kila mtu wa pwani akijue. Kaboni (ndo huo ukaa) yote ya Dunia na kaboni yote ya Zuhura ukizipima hazipishani sana, tofauti ni mahali ilipo. Ya kule iko hewani, yetu imefungiwa kwenye mawe. Mvua inachukua hewa ya ukaa na kulainisha miamba, mito inapeleka baharini, viumbe wa baharini wanajengea magamba na matumbawe, wanakufa, miaka na miaka inakuwa jiwe la chokaa. Kuta za Lamu na Mji Mkongwe ni hilo jiwe, machimbo ya Wazo kule Dar ni hilo jiwe, Bamburi vilevile, na ukilichoma kwenye tanuu upate chokaa gesi inatoka inarudi hewani. Mi nikipita kwenye ukuta wa matumbawe nawaza hivyo kila siku, kwamba hii ingekuwa juu ya vichwa vyetu.

Ila kazi yote hiyo inataka maji, na Zuhura maji yake yaliondoka. Mvuke ukipanda juu sana miale ya jua inaupasua, haidrojeni iliyokuwa ndani yake ni nyepesi inatoroka kwenda angani moja kwa moja. Vyombo vya Marekani vya Pioneer Venus mwaka 1978 vilikuta kwenye haidrojeni iliyobaki, ile aina yake nzito (diuteri) iko kwa kiwango cha zaidi ya mara 100 ya kwetu, yaani nyepesi ilishaondoka nyingi mno. Kama zamani palikuwa na bahari kabisa au mvuke haukuwahi kutulia ukawa maji, wanasayansi bado wanabishana, na ni ubishi mzuri.

Waliothubutu kutua pale ni Wasovieti, na mi nawaheshimu sana kwa hilo. Chombo chao kisicho na watu, Venera 7, kilitua Disemba 1970, parachuti ikiwa imeharibika, kikatuma ishara dhaifu kwa dakika 23, ndo mara ya kwanza chombo kutuma habari kikiwa juu ya ardhi ya sayari nyingine. Venera 13 mwaka 1982 ilitengenezwa idumu dakika 32, ikadumu 127, ikapiga picha za rangi za mawe bapa na anga la rangi ya machungwa, halafu kimya.

Kuhusu uhai, tumaini pekee liko juu kwenye mawingu, kilomita 50 hadi 55, kule joto na presha vinakaribia vya kwetu, na 2020 watu walisisimka sana waliposikia kuna fosfini, gesi inayodhaniwa kuwa dalili ya uhai. Matokeo yale yamepingwa vikali, na mwaka uliofuata timu ya wanasayansi wa chuo kikuu cha Queen's kule Belfast ikapiga hesabu ya maji yaliyomo kwenye yale matone ya asidi, ikakuta ni zaidi ya mara 100 chini ya kile anachohitaji kiumbe mvumilivu kuliko wote tunaowajua. Kwangu hiyo inatosha, hakuna kitu kinaishi pale leo.

Lakini lile swali la zamani, kama palikuwa na bahari, bado liko wazi. NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 2021 walichagua misheni ya DAVINCI, imepangwa kudondosha tufe lenye vipimo lishuke kama saa moja kuelekea milima ya Alpha Regio likipima gesi njia nzima, pamoja na ile haidrojeni nzito. Kipimo hicho ndo nakisubiri kuliko picha yoyote.