Hoja za ukaguzi katika shule za UPE: zinatoka wapi na zinajibiwaje

Mwalimu mkuu wa shule ya UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote nchini Uganda, anaweza kuandikwa vibaya kwenye ripoti ya ukaguzi wa fedha bila kula hata shilingi. Fedha ilifika, chaki zikanunuliwa, walimu wakaandikia hadi zikaisha, ila karatasi inayounganisha ile fedha na zile chaki haipo. Kwa mkaguzi, matumizi yasiyo na uthibitisho na fedha iliyoibwa huanzia kwenye maneno yale yale: fedha ambazo hazijatolewa hesabu. Maneno hayo yakishaandikwa, yanamfuata mtu mpaka mbele ya kamati ya hesabu za umma ya wilaya, na mara nyingine mpaka kwenye mshahara wake. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja tu: faili la ukaguzi hutengenezwa siku ya malipo. Anayelitengeneza wiki ambayo wakaguzi wametangaza kuja amechelewa, na mara nyingi anajitengenezea hoja mpya, yaani dosari nyingine ambayo mkaguzi ataiandika na kutaka ijibiwe.

Tuone jinsi mkaguzi anavyosoma vocha moja ya malipo, tuseme ya chaki, madaftari na karatasi za manila. Jumla ya fedha haimshughulishi mwanzoni. Anaanza na tarehe. Kikao cha kamati ya usimamizi wa shule kilichoidhinisha ununuzi lazima kitangulie maombi ya ununuzi. Maombi yatangulie nukuu za bei, nukuu zitangulie hati ya kuagizia mali, mali ipokelewe, ndipo ilipwe. Muhtasari wa kikao ukiwa wa tarehe 20 Machi na malipo ya tarehe 12 Machi, hakuna maelezo yatakayomridhisha, kwa sababu kamati haiwezi kuidhinisha kilichokwisha kulipwa.

Baada ya tarehe huzipanga nukuu tatu mezani, ubavu kwa ubavu. Mwandiko ukifanana, au maduka matatu yote yakikosea herufi ile ile kwenye jina la shule, ameshajua kwamba nukuu hizo ziliandikwa na mtu mmoja. Kisha hutazama namba za risiti. Risiti namba 451 ya Februari na namba 452 ya Juni kutoka duka lile lile zinamwambia kwamba ama duka hilo halina mteja mwingine mwaka mzima, ama kitabu cha risiti kinakaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Haya ni mambo yanayoonekana kwa macho, na mkaguzi aliyezoea shule huyaona kabla hajamaliza chai yake.

Halafu anakwenda stoo, na hapa shule nyingi zenye vocha nzuri huanguka. Leja ya stoo inatakiwa ionyeshe kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na saini ya aliyepokea. Boksi 60 za chaki zikiingia tarehe 19 Machi, mwalimu wa P3 (darasa la tatu) akachukua 4 tarehe 20, iandikwe 56 na yeye asaini palepale. Mkaguzi huenda kumuuliza mwalimu huyo darasani. Pasipo na leja, vocha iliyokamilika inathibitisha tu kwamba fedha ilitoka. Haithibitishi kwamba mali iliingia.

Hundi nazo zina ugonjwa wake. Mwenyekiti wa kamati anaishi mbali au ana shughuli zake, basi anasaini majani kumi ya hundi matupu ili asisumbuliwe tena muhula mzima. Siku hiyo udhibiti wa saini mbili umekufa. Kuna pia wanaotoa fedha zote benki kwa mkupuo mmoja na kulipa taslimu kidogo kidogo kutoka kwenye droo. Taarifa ya benki itaonyesha mstari mmoja tu, daftari la fedha litaonyesha malipo ishirini, na kuvilinganisha hivyo viwili itakuwa kazi ya kubahatisha. Lipa kila muuzaji kwa hundi yake, na ulinganishe daftari na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi hata kama kuna muamala mmoja tu.

Kuhusu mafungu: mwongozo wa UPE uliotumika kwa muda mrefu uligawa ruzuku, yaani fedha ambazo serikali huipa shule kwa kufuata idadi ya wanafunzi, hivi: asilimia 35 vifaa vya kufundishia, 20 shughuli za nje ya masomo, 15 usimamizi wa shule, 10 utawala, na 20 akiba ya dharura. Soma waraka wa mwaka husika kabla ya kupanga bajeti, kwa sababu viwango hubadilishwa. Shule iliyopokea shilingi 4,000,000 kwa muhula ingekuwa na 1,400,000 za vifaa na 800,000 za michezo na mengineyo. Hoja huja pale 600,000 za vifaa zinapomlipa mlinzi au mwalimu wa muda. Huenda shule ilimhitaji kweli mwalimu huyo, sibishi. Lakini kuhamisha fungu bila idhini ya maandishi ni hoja hata kama kila shilingi ilimfaidia mtoto. Andika barua kwa ofisi ya elimu ya wilaya kwanza, subiri jibu, kisha lipa.

Idadi ya wanafunzi ndiyo inayozaa ruzuku yenyewe, na ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa kuwa idadi iliyozidishwa haina jina lingine ila fedha iliyopatikana kwa udanganyifu. Wakaguzi huhesabu vichwa darasani, kisha hulinganisha na rejesta ya mahudhurio na takwimu zilizopelekwa wizarani. Si kila tofauti ni wizi. Shule zilizo karibu na makazi ya wakimbizi, kama Kyaka II, Kyangwali au Nakivale, hupokea watoto katikati ya muhula na kupoteza wengine familia zinapohama. Msimu wa mavuno nao huwatoa watoto darasani. Usimwambie mkaguzi hivyo kwa mdomo. Weka daftari la wanaoingia na wanaotoka, lenye tarehe, darasa, alikotoka au alikokwenda, na jina la mzazi. Daftari hilo linaeleza pengo la watoto 40 vizuri kuliko hotuba yoyote.

Kodi ya zuio inasahaulika mno. Taasisi ya serikali inapomlipa muuzaji asiye na msamaha zaidi ya shilingi 1,000,000, inakata asilimia 6 na kuipeleka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Madawati ya 1,300,000 yanakatwa 78,000, na muuzaji analipwa 1,222,000. Kugawa malipo hayo kuwa vocha mbili za 650,000 hakusaidii, kwa sababu sheria inatazama jumla ya ununuzi ule. Tena kunaongeza hoja ya pili, ya kugawa manunuzi kwa makusudi.

Ujenzi ni dunia nyingine. Fedha za madarasa na vyoo kwa kawaida hukaa wilayani chini ya afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za wilaya, lakini aibu huangukia shuleni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, katikati ya muhula wa pili, na chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 salio ambalo halikutumika hurudi Mfuko Mkuu wa serikali. Kwa hiyo Mei na Juni kuna presha ya kutisha ya kumlipa mkandarasi kabla pazia halijafungwa. Mhandisi anatia saini hati ya malipo ya paa ambalo bado liko kwenye lori. Mkaguzi akifika Septemba na futi ya kupimia na jedwali la vifaa na gharama, anakuta bati geji 30 mahali palipoandikwa geji 28. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba zaidi. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kusimamisha malipo ya wilaya, lakini ana kalamu: aombe nakala ya jedwali hilo siku mkandarasi anapokabidhiwa kiwanja, ahesabu mifuko ya saruji inayoshushwa, na kasoro aziandikie wilaya kwa barua yenye tarehe. Asisaini hati ya kukamilika kwa choo cha matundu 5 ambacho milango yake haijafungwa.

Ubao wa matangazo nao ukaguliwe na shule yenyewe. Utafiti wa kufuatilia fedha za miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku ya shule za msingi ya wakati huo iliyofika shuleni. Serikali ilianza kuchapisha migao magazetini na kutaka shule zibandike kiasi zilichopokea, na hali ikabadilika sana. Bandika kiasi, tarehe na matumizi, kwa lugha ambayo wazazi wa hapo wanaisoma. Tangazo lililofifia la mwaka juzi halimsaidii mtu.

Sasa majibu. Wakaguzi wakimaliza huleta rasimu ya hoja, na kuna kikao cha kufunga ukaguzi kabla ripoti haijakamilishwa. Hicho ndicho kituo cha mwisho ambapo hoja inaweza kufutwa kwa urahisi. Jibu la "tumelipokea, tutalifanyia kazi" ni kukiri. Jibu zuri lina aya moja: hoja namba ngapi, kiasi gani, uthibitisho uko kiambatisho gani ukurasa upi, na kwa kilichobaki, nani atafanya nini kufikia tarehe ipi. Peleka nakala, halisi ibaki shuleni, na mpokeaji asaini kwenye daftari la barua. Na karatasi isiyokuwepo isitengenezwe upya. Risiti iliyopotea inaombewa nakala kwa muuzaji ikiwa na maelezo ya kupotea. Kuandika mpya yenye tarehe ya zamani kunahamisha suala kutoka uzembe hadi kughushi, na hapo polisi wanaingia.

Hoja nyingi za zamani hukosa majibu kwa sababu ya uhamisho. Mwalimu mkuu anahamishwa Januari, anaondoka na funguo au na maboksi yenyewe, na miezi minane baadaye mwenzake anaulizwa vocha ambazo hajawahi kuziona. Makabidhiano yafanyike mbele ya mwenyekiti wa kamati na mtu wa ofisi ya elimu, kwa orodha: salio la benki siku ile, jani la mwisho la hundi lililotumika, vocha kutoka namba fulani hadi fulani, leja ya stoo baada ya kuhesabu mali, na hoja ambazo hazijafungwa. Wote wasaini nakala tatu. Anayeondoka achukue yake na kuitunza, maana mkaguzi akiuliza kuhusu muhula wake, jina litakalotafutwa ni lake, si la aliyemrithi.