Rangi ya egzosi huiva motoni

Mara ya kwanza nilipopaka rangi manifoldi ya egzosi, yaani mabomba ya chuma yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini, kazi ilionekana nzuri kwa siku tatu. Siku ya nne rangi ilianza kubanduka kama maganda ya kitunguu, na nilipokwangua kwa ukucha nikakuta chuma cha chini yake kina utelezi wa mafuta. Rangi haikuwa na kosa, kwani kopo liliandikwa kwamba inastahimili nyuzi 650 za Selsiasi, na manifoldi ya injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa egzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi) huwa chini ya hapo katika mwendo wa kawaida. Mkosaji nilikuwa mimi, niliyesugua kutu kwa brashi ya waya, nikafuta vumbi kwa tambara lililokwisha kufutia injini, kisha nikapuliza rangi.

Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu kama hicho cha manifoldi yangu, kina vinyweleo na hunywa mafuta kwa miaka mingi, kwa hiyo kukifuta juu juu hakutoshi. Siku hizi nakiosha kwa dawa ya kuondoa grisi, nakipasha moto polepole mpaka mafuta yaliyojificha yatokeze kama jasho, nakiacha kipoe kabisa, kisha nafuta kwa asetoni na kitambaa safi, na kurudia hivyo hadi kitambaa kisichafuke tena. Kutu naiondoa kwa kupuliza mchanga kila inapowezekana, kwa sababu mchanga huacha uso wenye mikwaruzo midogo ambayo rangi huishika, ilhali brashi ya waya mara nyingi huung'arisha tu. Baada ya hapo sikigusi bila glavu. Niliwahi kuiona alama ya kidole gumba changu, na mistari yake yote, ikijichora juu ya rangi iliyokwisha pita motoni.

Rangi ya kawaida ya bodi haina nafasi hapa, kwa sababu huungua mapema mno. Ile ya joto kali imetengenezwa kwa utomvu wa silikoni uliochanganywa na unga wa aluminiamu au wa oksidi za metali, na ikipata moto wa kutosha sehemu yake inayoungua hutoka kama moshi, ukabaki utando wa silika, ambayo ni madini ya kioo, ulioukamata unga huo na kung'ang'ania chuma. Ndiyo maana rangi iliyokauka kwa hewa peke yake bado ni mbichi: ukucha huikwaruza na tone la petroli huweza kuiyeyusha. Kuna watu huanza na praima ya kawaida, yaani rangi ya msingi inayotangulia, wakidhani wanaongeza uimara, lakini praima hiyo huungua chini na kuibandua rangi yote iliyo juu yake.

Napuliza tabaka mbili au tatu nyembamba sana, kwa kuwa tabaka nene hufungia ndani kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoifanya rangi iwe nyepesi, na kutoa malengelenge joto linapopanda. Uso wa gasketi, pale manifoldi inapobana kwenye injini, na nyuzi za skrubu za tundu la sensa ya oksijeni naziziba kwa utepe. Kuiva hufanyika kwa hatua, na maelekezo ya kopo ndiyo ya kufuatwa. Rangi niliyotumia ilitaka nusu saa katika nyuzi 120, nusu saa katika 200, kisha nusu saa katika 315, ikipoa kila baada ya hatua. Oveni ya jikoni isitumike kamwe, maana mvuke wa rangi ni sumu. Asiye na tanuri airudishe manifoldi mahali pake, aiwashe injini nje kwenye hewa, iungurume bila mzigo kwa dakika chache, aizime ipoe, kisha aongeze muda mara kwa mara.

Kuhusu sailensa sina mengi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na katika safari fupi maji hayo hubaki humo yakila bati kwa ndani, mahali ambapo rangi ya nje haifiki. Manifoldi ya injini yenye tabo, inayoweza kuiva hadi kuwa nyekundu, nayo inahitaji kupakwa seramiki na fundi mwenye vifaa.

Manifoldi niliyoirudia kwa utaratibu huu imegeuka kijivu pale mabomba yake manne yanapokutana, ambapo moto ni mkali zaidi. Kwingine bado ni nyeusi, na ukucha wangu hauachi alama.