Saa tisa usiku na jagi la plastiki

"Mama, kwani wewe hulalagi?"

Mwanangu ndo kaniuliza hivyo juzi, kaamka kwenda chooni akanikuta jikoni nimekaa gizani na glasi ya maji. Nikamwambia nalala, rudi kitandani. Ila swali lake likanirudisha 2018, kile chumba cha Sinza, wiki ya tatu baada ya operesheni.

Mambo ya vipimo na pesa nayaruka, mnayajua. Muhimbili walikuwa wamepandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, kabla ya hapo watu walikuwa wanapelekwa India, na mdogo wangu aliposikia tu akasema dada mimi nakupa yangu.

Mimi nilijua nikishapata figo nitalala fofofo, maana kipindi cha kusafisha damu miguu ilikuwa haitulii usiku kucha. Wapi! Kuna dawa za kuzuia mwili usiikatae figo: prednisoloni inakutoa macho kama umemaliza birika zima la kahawa, takrolimasi nayo inatetemesha mikono, halafu unaambiwa unywe maji lita tatu kwa siku, wewe uliyezoea miaka miwili kunywa kwa kupimiwa, na figo mpya haijui usiku wala mchana, inafanya kazi tu.

Usiku huo nilikuwa naamka mara ya nne. Saa tisa. Nimewasha tochi ya simu, nimechuchumaa na lile jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia mkojo kwa mililita, mkono unatetemeka, na mkojo unagonga plastiki. Ile sauti jamani. Miaka miwili nilikuwa siisikii, matone tu, halafu hata matone yakakata. Nilipomaliza nikabaki palepale nimelishika jagi, limepata joto.

Nyuma ya pazia nikasikia, "Dada, ngapi?"

"Mia tatu hamsini."

"Safi."

Nikaandika kwenye daftari. Kisha nikamuuliza, kumbe na wewe hujalala, mshono unauma? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hauumi sana. Huwa nasubiri nisikie."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kumbe kila usiku alikuwa macho anaisikiliza figo yake. Nikaweka mkono chini ya tumbo, upande wa kulia ilipo, nikamwambia kitu ambacho hata daktari sikuwahi kumwambia, kwamba siyo dawa tu, naogopa kulala, naona nikifumba macho itasimama.

"Lala dada," akasema. "Acha mi nikeshe leo."

Nikalala mpaka alamu ya dawa ya saa mbili asubuhi.

Kliniki iliyofuata nesi akaniuliza dawa gani nakunywa saa ngapi, ikaonekana prednisoloni nilikuwa naichanganya na dozi ya usiku wakati niliambiwa asubuhi baada ya kula. Tukaihamisha, usingizi ukarudi, ila haukurudi wote, mpaka leo kuna usiku nafumbua macho saa tisa kamili na mkono uko palepale tumboni. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, iko vizuri, vipimo vyote vizuri. Sasa sijui ni dawa bado au ni ule woga umeshajijengea nyumba.

Mdogo wangu yuko Mwanza siku hizi. Juzi mtoto aliporudi kulala nilishika simu nikamwandikia, "mia tatu." Nikaitazama. Nikafuta, nikaona nitamshtua bure na saa hizo.