Shilingi moja moja, tawi moja

Kwa wiki nzima nilijaribu malipo ya M-Pesa kwa shilingi moja moja. Naweka namba yangu, simu inadai PIN, naiweka, risiti inaingia. Nikaridhika. Programu ilikuwa ya mama mmoja anayeuza sare za shule Mombasa: malipo yakikubali, mteja atumiwe risiti, yakikataa, aelezwe sababu. Njia mbili tu, na mimi nimepita ileile zaidi ya mara ishirini.

Siku ya pili ya kazi mama akapiga. "Mwanangu, wengine hawapati ujumbe wowote. Wamesimama tu hapa." Kufungua logi, yaani kumbukumbu za programu, kumbe kila aliyeghairi aliiangusha programu. Malipo yakifaulu, jibu la Daraja, huduma ya Safaricom inayounganisha programu na M-Pesa, huja na ResultCode (namba ya matokeo) 0 pamoja na CallbackMetadata (maelezo ya malipo), humo ndimo inamokaa namba ya risiti. Mtu akighairi, huja 1032 na CallbackMetadata haimo kabisa. Mimi nilikuwa nasoma namba ya risiti kwanza, ndipo niulize kama kalipa. Tawi la "hapana", njia ya malipo yaliyokataa, nililiandika vizuri sana, ila hapakuwa na njia ya kulifikia.

Simu nikaiweka kando. Nilichukua majibu halisi, nikafuta namba za wateja, kila jibu likawa faili lenye jina la tawi linakopaswa kuangukia: kafaulu, kaghairi (1032), simu haipatikani (1037), salio halitoshi (1). Nikaongeza moja la kubuni, lisilo na ResultCode hata kidogo, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Sharti langu la kutoa risiti lilikuwa `if (!ResultCode)`, yaani "kama ResultCode si kweli". Katika JavaScript, lugha niliyoandikia programu, sufuri huhesabika kuwa si kweli, lakini hata kisichokuwepo huhesabika hivyo hivyo. Jibu bovu likatoka na risiti isiyo na namba!

Nikaandika `=== 0`, yaani iwe namba 0 hasa, nikavunja kwingine. Jibu likichelewa, programu huuliza yenyewe hali ya malipo, na huko ResultCode hurudi "0", maandishi badala ya namba. Aliyelipa akaambiwa hajalipa. Heri safari hiyo mteja alikuwa faili.

Sasa nageuza kila ResultCode kuwa maandishi kabla ya kuilinganisha na "0". Faili zimefika tisa, na nikigusa mstari wowote zinapita zote upya. Shilingi zangu ishirini na kitu ziko kwa mama. Anasema dukani kwake pesa hairudishwi.