Nilivyokadiria umri wa badiliko la selimundu

Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kwa miaka mingi shangazi alimwambia mama, "Huu ugonjwa umetoka kwenu." Nilipofika mwaka wa mwisho wa chuo, nikiwa nasoma baiolojia, nikaamua kulishika swali hilo kwa hesabu: ulianza lini?

Badiliko lenyewe ni herufi moja ya DNA ndani ya jeni ya HBB, inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini ya damu, kwenye kromosomu ya 11 (kromosomu ni nyuzi ndefu za DNA tunazorithi): A imekuwa T. Mtu wa kwanza kuwa nalo alilirithisha pamoja na kipande cha kromosomu kilichokuwa kinalizunguka. Lakini kila mayai na mbegu zinapoundwa, kromosomu hubadilishana vipande, kwa hiyo kile cha asili huzidi kumegwa pembeni kizazi hadi kizazi. Kikiwa kirefu bado, badiliko ni la juzi. Kikiwa kifupi, ni la kale.

Data niliipata bure kwenye Mradi wa Jenomu 1000, hazina ya DNA iliyosomwa ya watu wa mataifa mbalimbali, ambamo wamo Waluhya wa Webuye na Wayoruba wa Ibadan. Nilitenga kromosomu zenye badiliko, nikapima zinafanana hadi wapi kila upande.

Hapo nilikwama majuma matatu. Nilichukulia sentimogani 1 (umbali ambao ndani yake kromosomu zina uwezekano wa asilimia 1 hivi wa kubadilishana vipande kila kizazi) kwa kila herufi milioni, na umri ukatoka mkubwa mno. Kumbe jirani kabisa na HBB pana mahali ambapo kromosomu hubadilishana vipande mara nyingi kuliko kawaida, ndiyo maana vipande vyangu vilionekana vya kale kuliko vilivyo. Nikaanza upya kwa ramani ya kijenetiki, inayoonyesha kila sehemu ya kromosomu ina sentimogani ngapi. Hesabu ni nyepesi: gawanya 100 kwa wastani wa sentimogani za upande mmoja. Wastani wa 0.4 hutoa vizazi 250; kwa miaka 28 kila kizazi, ni miaka 7,000.

Jibu langu liliangukia karibu na la watafiti wa jenetiki Daniel Shriner na Charles Rotimi, ambao mwaka 2018 walipata vizazi 259, yaani miaka 7,300 hivi. Mwaka 2019 watafiti wengine, kwa mbinu tofauti, walifikia miaka 22,000 hivi. Niliandika yote mawili. Pengo hilo ni kubwa, na kulificha kungekuwa uongo.

Nyumbani nilimchorea shangazi vile vipande kwenye daftari. Nikamwonyesha pia kwamba mtoto huugua akirithi badiliko kwa baba na kwa mama, wote wawili. Aliangalia mchoro kwa muda mrefu. Juma lililofuata akawapeleka wanawe kupimwa, kabla mkubwa hajaoa.